Historia ya Watoto Waliofichwa

Vitabu vingi vya historia vyatueleza habari za wafalme, vita, mikataba, reli na mipaka. Habari hizo ni za lazima, maana bila ya hizo hatuwezi kujua jinsi nchi yetu ilivyopata umbo lake. Lakini iko historia nyingine isiyopigiwa baragumu: historia ya watu ambao hawakutia saini mikataba wala hawakusimama jukwaani. Miongoni mwao ni watoto ambao akili na hisi zao hufanya kazi kwa njia isiyo ya kawaida, pamoja na mama zao, baba zao na bibi zao. Katika insha hii tutazitazama habari zao katika nchi ya Kitale na Bungoma, magharibi mwa Kenya. Tutauliza walikuwa wapi zamani, nani aliwasaidia, nani aliwadhulumu kwa maneno, na kwa nini hata leo msaada huchelewa kufika shambani.

Yafaa kwanza tujue tunasema juu ya nini. Mtoto mwenye usonji huipokea dunia kwa njia yake. Huenda akachelewa kusema, au asiseme kabisa. Huenda asigeuke aitwapo jina lake. Huenda akarudia tendo moja saa nzima, kama kupanga vijiti kwa mstari au kupepesa vidole mbele ya macho. Sauti ya mashine ya kusagia, ambayo sisi twaipita bila kuisikia, yeye yaweza kumtesa hata akaziba masikio na kulia. Mwingine husema vizuri, tena hukumbuka tarehe na hesabu kuwapita wenzake wote, lakini hashiki mzaha wala kanuni za mchezo. Usonji si wazimu, wala hauambukizi. Kadhalika kuna ulemavu mwingine wa ukuaji: ulemavu wa akili, ambao humfanya mtoto ajifunze polepole, na mtindio wa ubongo, ambao hukaza viungo au kuvilegeza.

Sababu zake ni nyingi. Usonji kwa sehemu kubwa hutokana na urithi ulio ndani ya chembe za mwili, na huanza kabla mtoto hajazaliwa. Mtindio wa ubongo na ulemavu wa akili pengine huletwa na uzazi wa taabu uliomkosesha mtoto hewa, na manjano makali ya siku za kwanza, na malaria iliyopanda kichwani, au na homa ya uti wa mgongo. Hizi za pili zaweza kupunguzwa kwa mkunga hodari, chandarua na zahanati iliyo karibu. Lakini katika zote hizo hakuna hata moja inayotokana na dhambi ya mama.

Je, watu hawa ni wangapi? Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2021 mtu 1 kati ya watu 127 duniani alikuwa na usonji. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 iliwahesabu watu 990,341 katika kaunti ya Trans Nzoia, ambayo makao yake makuu ni Kitale, na watu 1,670,570 katika kaunti ya Bungoma. Mwanafunzi akigawanya jumla ya kaunti hizo mbili kwa 127, atapata karibu watu 21,000. Hesabu hii si orodha ya watu waliopimwa. Ni makadirio tu, yakiwa kwetu mambo yako sawa na kwingineko. Hata hivyo yatosha kutuonyesha kwamba hatusemi juu ya jambo la nadra. Idadi hiyo yaweza kuujaza mji mdogo.

Sensa hiyohiyo yatufundisha jambo la pili. Iliwauliza watu juu ya taabu ya kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujitunza na kuwasiliana, ikaona kwamba asilimia 2.2 walikuwa na ulemavu. Lakini hesabu ile ilianza kwa watu wa umri wa miaka 5. Mtoto wa miaka 3 asiyesema hakuwamo, na usonji wenyewe haukuwa na mahali pake katika maswali. Kwa hiyo hata katika karne hii yetu ya kalamu na mashine, mtoto wa namna hii aweza kupita kati ya mistari ya daftari asionekane.

Sasa tuitazame nchi yenyewe. Chini ya Mlima Elgon, upande wa mashariki, uko uwanda mpana wenye rutuba na mvua. Zamani ulikuwa malisho ya Wasabaot na majirani zao. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, serikali ya kikoloni iliwagawia walowezi mashamba makubwa. Mwaka 1926 reli ikafika Kitale, na mahindi yakaanza kusafirishwa kwa mabehewa. Vibarua walitoka Bungoma na nchi nyingine, wakaishi katika kambi za mashamba ya watu. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 mashamba mengi yaligawanywa au yakanunuliwa na vyama vya wananchi, na watu wa makabila mengi wakaja kukaa. Upande wa kusini, katika Bungoma, Wabukusu wengi waliendelea kuishi katika vijiji vya ukoo wao, kutoka Kimilili hata Sirisia. Kisha viwanda vya karatasi huko Webuye na vya sukari huko Nzoia vikawavuta vijana katika miaka ya 1970.

Mambo haya yanahusianaje na mtoto asiyesema? Yanahusiana sana. Wahenga walisema, mkono mmoja haulei mwana. Mtoto wa kawaida akifika miaka mitano huweza kuachwa na ndugu zake. Lakini mtoto asiyejua hatari ya moto, ya mto au ya barabara huhitaji jicho la mtu mzima mchana kutwa. Katika kijiji cha ukoo, jicho hilo lilikuwa la bibi, la shangazi au la mke mwenza. Mama aliyehamia shamba jipya, mbali na watu wake, mume wake akiwa kibarua mahali pengine, alibaki na macho yake mawili tu. Nayo macho hayo yalihitajiwa pia katika palizi, kisimani na sokoni. Ndipo wengine walipofunga mlango kwa nje, na wengine wakamfunga mtoto kamba kwenye mguu wa kitanda. Tusiharakishe kuhukumu. Kamba ile haikusokotwa na ukatili peke yake. Ilisokotwa na upweke, na woga, na hofu ya maneno ya watu.

Maneno ya watu yalikuwa mazito. Katika sehemu nyingi za Kenya, mtoto wa namna hii alipoonekana, watu hawakuuliza ana nini. Waliuliza nani amefanya nini. Walisema ni laana ya wazee, au ni mahari isiyolipwa, au ni pepo, au ni jirani mwenye husuda. Mara nyingi kidole kilimwelekea mama: ukoo wake una kasoro, au alivunja mwiko alipokuwa mjamzito. Wako waume walioondoka kwa maneno hayo wakaoa kwingine. Wako mama waliouza kuku, kisha mbuzi, kisha ng'ombe wa maziwa, wakimfuata mganga mmoja baada ya mwingine, hata nyumba ikabaki tupu na mtoto akabaki vilevile.

Hata hivyo haitakuwa haki kusema kwamba wazee wetu hawakuwa na huruma wala maarifa. Methali yetu yasema, hujafa hujaumbika. Maana yake, asimcheke mlemavu yeye aliye hai, kwani hajui kesho atakuwaje. Tena kazi za shamba zilikuwa na nafasi ya kila mtu. Mtoto aliyejifunza polepole aliweza kuchunga mbuzi pamoja na wenzake, kuchota maji, na kupukuchua mahindi. Wala hakuulizwa cheti. Shule ilipokuja na madarasa yake, mitihani na kengele zake, ilileta faida kubwa, lakini pia ilileta njia mpya ya kumwambia mtoto kwamba hafai.

Pengine mwanafunzi atadhani kwamba imani ya kumlaumu mama ilikuwa ya vijijini tu, na kwamba huko ng'ambo wataalamu walijua zaidi. Historia yasema vingine. Mwaka 1943, katika mji wa Baltimore, Marekani, daktari Leo Kanner aliandika habari za watoto 11 aliowachunguza, akaupa usonji wa utotoni maelezo yake ya kwanza yaliyojulikana sana. Lakini katika miaka iliyofuata, wataalamu wengi walishika wazo kwamba watoto hao walifungika mioyo kwa sababu mama zao walikuwa baridi, hawakuwapenda. Mwaka 1967 Bruno Bettelheim alitoa kitabu kilicholieneza wazo hilo kwa nguvu. Mama wa Marekani na Ulaya wakaambiwa na watu wenye shahada maneno yaleyale waliyoambiwa mama wa Trans Nzoia na majirani wasiojua kusoma: kosa ni lako. Tofauti ilikuwa mavazi ya msemaji tu.

Waliolivunja wazo hilo, wengi wao walikuwa wazazi. Mwaka 1962 wazazi wa London waliunda chama chao. Mwaka 1964 Bernard Rimland, mwanasaikolojia wa Marekani aliyekuwa na mwana mwenye usonji, alichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba chanzo ni mwili wenyewe wala si malezi. Mwaka 1969 Kanner mwenyewe, mbele ya mkutano wa wazazi, alitangaza kwamba hawana hatia. Tena mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter walitoa habari za mapacha jozi 21. Katika jozi 11 za mapacha wanaofanana kabisa, jozi 4 zilikuwa na usonji kwa wote wawili. Katika jozi 10 za mapacha wasiofanana hivyo, hapakuwa na hata moja. Kama malezi ya mama ndiyo yangekuwa chanzo, pasingalikuwa na tofauti kama hiyo, maana mapacha wote hulelewa na mama mmoja. Hivyo ndivyo elimu inavyosahihisha makosa yake: si kwa kupiga kelele, bali kwa kuhesabu kwa uangalifu.

Miongoni mwa watoto 11 wa Kanner, wa kwanza alikuwa Donald Triplett, aliyezaliwa mwaka 1933 katika mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi. Habari zake zatufaa sana sisi tunaokaa katika nchi ya mahindi. Alipokuwa na miaka mitatu, wazazi wake walishauriwa wampeleke katika nyumba ya kulelea watoto mbali na kwao. Huko akanyong'onyea, akawa hana furaha na kitu chochote. Baada ya muda wakamchukua wakamrudisha nyumbani. Baba yake akamwandikia Kanner barua ya kurasa 33. Hatimaye, mwaka 1942, mtoto aliwekwa kwa mkulima mmoja na mkewe, karibu na mji wao, akakaa huko kwa muda.

Watu wale hawakuwa wataalamu. Lakini walikuwa na hekima ya kumtazama mtoto kabla ya kumwamuru. Waliona kwamba anapenda kupima vitu. Wakamfanya achimbe kisima na kuwaeleza kina chake. Waliona kwamba hachoki kuhesabu mistari ya mahindi. Wakampa jembe la kukokotwa na farasi, ahesabu mistari huku akiilima. Kanner alipowatembelea mwaka 1945, alimwona kijana akilima mistari sita mirefu na kumgeuza farasi kwa ustadi. Shule ya kijiji ilimpokea, na mambo yake ya ajabu ikayachukulia kuwa mambo ya kawaida. Baadaye Donald alifanya kazi katika benki ya mji wao, akaendesha gari, akasafiri nchi nyingi, naye alikufa mwaka 2023 akiwa na umri wa miaka 89. Hatusemi kwamba kila mtoto mwenye usonji atafika hapo, maana uwezo watofautiana sana. Wako watakaohitaji msaada siku zote. Wala tusisahau kwamba jamaa yake ilikuwa na mali. Lakini yatupasa kuona kwamba mahali alipoanza kustawi palikuwa shamba la mahindi, lenye watu wenye subira.

Turudi Kenya. Wakati wa ukoloni, serikali ilianza na wazimu kabla ya kuanza na watoto. Mwaka 1910 ilifungua nyumba ya wagonjwa wa akili jijini Nairobi, ambayo baadaye ikawa hospitali ya Mathari. Elimu ya walemavu ilianzishwa hasa na makanisa. Mwaka 1946 Jeshi la Wokovu lilianza shule ya vipofu huko Thika. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Wakatoliki wakafungua shule za viziwi huko Mumias na Nyang'oma, magharibi mwa nchi. Hivyo kipofu na kiziwi walipata mlango, kwa sababu kila mtu alielewa kwamba jicho au sikio limezuiwa na akili imo ndani. Mtoto mwenye ulemavu wa akili alifikiwa mwisho, naye mwenye usonji hakuwa na jina la kumwita.

Uhuru ulipopatikana, tume ya elimu iliyoongozwa na Profesa Simeon Ominde ilitoa ripoti mwaka 1964, na ndani yake ilisema kwamba watoto wenye ulemavu mwepesi wafundishwe katika shule za kawaida. Wazazi na marafiki zao wakaunda vyama vya kuwatetea wenye ulemavu wa akili. Shule chache zikafunguliwa, nyingi zikiwa mijini. Mwaka 1978 mtafiti Victor Lotter alichapisha matokeo ya safari yake katika miji ya nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwamo. Aliwatafuta watoto wenye usonji katika shule na vituo vya wenye ulemavu wa akili, akawaona wachache sana. Watu wengine wakafikiri kwamba usonji ni jambo la Wazungu na matajiri. Lakini watoto wa Endebess na wa Cheptais hawakuwa katika vituo vya miji mikubwa. Walikuwa nyumbani, mlango umefungwa. Mtu anayetazama meza ya muuza samaki asiseme kwamba amekwisha kulihesabu ziwa.

Hatua kubwa ilifuata mwaka 1984, serikali ilipoanza, kwa msaada wa Denmark, vituo vya kuwapima watoto na kuwashauri wazazi, ambavyo polepole vilienea wilayani. Kwa mara ya kwanza mzazi wa mbali na Nairobi aliweza kumpeleka mtoto kwa mwalimu aliyefunzwa, akaambiwa ana nini na afanyeje. Mwaka 1986 ikaanzishwa Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya, jijini Nairobi, ya kufundisha walimu wa kazi hiyo. Mwaka 2003 elimu ya msingi ikawa bila ada; mwaka huohuo ilitungwa sheria ya watu wenye ulemavu, ambayo mahali pake pamechukuliwa na sheria mpya ya mwaka 2025. Mwaka huohuo wa 2003 wazazi wa Nairobi waliunda chama cha usonji na kusaidia kuanzisha darasa katika shule ya msingi ya City. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, yasema kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa heshima na kuitwa kwa jina lisilomdhalilisha, na ya kupata elimu pamoja na jamii. Nao mtaala mpya, ulioanza kutumika nchini kote mwaka 2019, ukaweka njia ambayo mtoto huipita kwa hatua anazoweza, si kwa miaka aliyo nayo.

Sheria hizi ni njema. Lakini sheria haipandi matatu. Tuseme yupo mama katika kijiji cha mbali kilichoko mteremkoni mwa Elgon. Kumpeleka mwanawe kupimwa mjini, lazima apate nauli ya watu wawili, aache palizi, apande bodaboda kisha matatu, hali mtoto anapiga kelele kwa sababu ya honi na msongamano, na abiria wanamtazama mama kwa jicho la lawama. Akifika huenda akaelekezwa hospitali kuu ya Eldoret, kilomita kama 70 kutoka Kitale. Akirudi ana karatasi yenye jina la ulemavu, lakini hana mtu wa kumwonyesha kesho asubuhi atamlishaje mtoto anayekataa kila chakula ila ugali mkavu. Wataalamu wa kufundisha matamshi na viungo ni wachache nchini, nao wengi wako mijini. Hapa ndipo penye kiini cha jambo letu. Kumpa mtoto jina la ulemavu wake ni mwanzo. Kumsaidia mlezi wake ndiyo kazi yenyewe.

Njia ya kufanya hivyo imejulikana kwa muda mrefu. Mwaka 1969, katika mji wa Portage, jimbo la Wisconsin, Marekani, walimu waliona kwamba watoto wa mashamba yaliyotawanyika hawawezi kuletwa shuleni. Basi mwalimu akaenda kwao mara moja kwa juma. Alikaa na mzazi, wakachagua jambo dogo moja, wakalifanya pamoja. Kisha mzazi akaliendeleza kila siku hata mwalimu aliporudi. Katika miaka iliyopita Shirika la Afya Duniani limetengeneza mafunzo ya walezi kwa nchi zenye wataalamu wachache: mikutano 9 ya kikundi na ziara 3 za nyumbani, yakiongozwa na mtu wa kawaida aliyefunzwa. Watafiti wa Kenya na Ethiopia wameyajaribu mafunzo hayo. Kwa upande wa Kenya yalipelekwa Kilifi na Nairobi.

Mafunzo ya namna hiyo si ya ajabu. Mlezi hufundishwa kuketi chini, uso wake ulingane na uso wa mtoto, na kufuata mchezo anaoupenda mtoto badala ya kumnyang'anya. Hufundishwa kushika kikombe mkono mmoja na ndizi mkono wa pili, na kungoja, ili mtoto aonyeshe kwa jicho au kwa kidole analotaka. Kwa maana kuonyesha ni mlango wa kusema. Hufundishwa kuivunja kazi katika vipande. Kunawa mikono, kwetu tendo moja, kwa mtoto huyu ni matendo sita: kukunja mikono ya nguo, kutia mikono majini, kushika sabuni, kusugua, kusuuza na kufuta. Mama hufanya matano pamoja naye, akamwachia la mwisho alifanye peke yake, kisha akamsifu. Alijualo likithibitika, humwachia mawili. Mtoto akiwa na kifafa, ambacho mara nyingi huandamana na ulemavu huu, mlezi huelezwa kwamba dawa ya hospitali humezwa kila siku, hata siku ambazo kifafa hakikuja. Tena hufundishwa jambo ambalo wengi hulisahau: kupumzika, na kuomba msaada bila aibu.

Nchi yetu ina vyombo vya kuifikisha kazi hii hata kijiji cha mwisho. Mwezi wa Septemba mwaka 2023 serikali iliwapeleka kazini wahudumu wa afya wa jamii zaidi ya 100,000, wanaopita nyumba kwa nyumba. Mhudumu aliyefunzwa aweza kumtambua mtoto wa miaka 2 asiyegeuka aitwapo, na kumwambia mama aende kituoni mapema, wakati msaada unapozaa matunda mengi zaidi. Kuna fedha za serikali kwa jamaa zenye mtu mwenye ulemavu mkali, zilizoanza kutolewa kama mwaka 2011 na kuwekwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Si nyingi, lakini hulipa nauli na dawa. Na kuna chama cha akina mama, ambacho kila mwanafunzi wa Kitale na Bungoma anakijua, maana mama yake yumo. Akina mama watano wenye watoto wa namna hii wakikutana chini ya mwembe kila juma, kila mmoja hupata saa chache za kulima huku mwenzake akiwaangalia watoto. Watu husema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Yaani, asiyeubeba huuona mwepesi. Wale watano hawadanganyani, kwa kuwa kila mmoja anaujua uzito.

Hapa sisi walimu tuna deni letu. Katika vyuo vya ualimu twawafundisha vijana kuandaa somo, kusahihisha kazi na kutunza nidhamu. Lakini mwalimu mpya anayepelekwa shule yenye wanafunzi themanini katika darasa moja, akimwona mtoto anayejificha chini ya dawati kengele inapolia, aweza kumchukua kuwa mkaidi na kumwadhibu. Mwalimu aliyefunzwa atamketisha karibu na mlango, atamwonyesha kwa picha mambo ya siku hiyo yatakavyofuatana, atamwonya kabla ya kengele, na atamweka kando yake mwenzake mpole. Hayo hayahitaji fedha nyingi. Yahitaji maarifa na nia. Ni kweli pia kwamba mwalimu mwenye watoto themanini naye amelemewa, na nchi inayomtaka awapokee wote haina budi kumpunguzia mzigo.

Nawe mwanafunzi unayesoma, usidhani kwamba jambo hili ni la serikali na wazee peke yao. Maneno unayotumia uwanjani huamua kama jirani yako atamtoa mtoto wake nje au atamfungia ndani. Ukimwita mtoto huyo kwa jina la dhihaka, umeongeza komeo mlangoni kwao. Ukimsalimu kwa jina lake, hata asipokujibu, na ukaketi na mdogo wako huyo nusu saa mama yake akachote maji, umefanya kazi ambayo Katiba haiwezi kuifanya kwa niaba yako.

Tumeona, basi, kwamba katika historia hii watu walimlaumu mama, kijijini kwa jina la laana na ng'ambo kwa jina la elimu, na kwamba lawama hizo zote mbili zilikuwa za uongo. Tumeona kwamba shule na hospitali zilianza mjini, na mtoto wa shamba akaachwa nyuma. Tena tumeona kwamba hatua nyingi za kumkomboa zilianzwa na wazazi waliokataa kunyamaza, na kwamba mkulima asiye na shahada aliweza kumfungulia mtoto njia kwa kumtazama kwa subira. Ukurasa wa Kitale na Bungoma katika historia hii haujakwisha kuandikwa. Utaandikwa katika madaftari ya shule za vijiji, mahali ambapo majina ya wanafunzi huorodheshwa kila mwanzo wa mwaka. Na jina la kila mtoto litakaloongezwa humo litakuwa la mtoto mmoja aliyetolewa nyuma ya mlango.